Mchoro Hutangulia Chombo

Kila mwaka, wanachuo wanapoanza somo la uchoraji hapa chuoni, huzuka hoja moja ambayo haijapata kutuchosha: je, mtoto anayechora kitu alichokiona katika picha ya mtu mwingine ameiga, au amejifunza? Hoja hii ina upande wake wa adabu, kwani sote tulilelewa tukiambiwa kwamba kunakili kazi ya jirani ni wizi. Ina pia upande wake wa ufundi, kwani hakuna seremala, mfinyanzi wala mshonaji aliyeanza kazi pasipo kumtazama fundi mwingine. Katika makala haya tunakusudia kuitazama hoja hiyo kwa kupitia mlango ambao pengine wasomaji wetu hawakuutazamia, yaani sinema za kubuni zinazohusu anga za juu na nyakati zijazo, na hasa ile michoro inayofanywa kabla kamera haijawashwa.

Tumeuchagua mlango huu kwa sababu moja. Vitu vinavyoonekana katika sinema hizo havipo duniani. Mchoraji wa ng'ombe aweza kwenda zizini akamtazama ng'ombe. Mchoraji wa chombo kitakachokwenda nyota nyingine hana zizi la kwenda. Basi umbo lake hulipata wapi? Mtu akidhani kwamba hulizua lote kichwani, na afuatane nasi.

Mswada wa sinema ya namna hii ukishaandikwa, huitwa mchoraji. Yeye huusoma, kisha huchora vyombo, mavazi, majumba na viumbe kama anavyovidhania. Michoro hiyo, ambayo hapa tutaiita michoro ya awali, haikukusudiwa watazamaji. Kazi yake ni kama ya andalio la somo: mwenye fedha aone analipia nini, seremala ajue akate wapi, mshonaji ajue ashone nini. Mwanafunzi haoni andalio la mwalimu, lakini somo lisiloandaliwa hulitambua katika dakika tano za kwanza.

Ralph McQuarrie, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1929, alikuwa akichora michoro ya kiufundi katika kampuni ya ndege ya Boeing. Mwaka 1975 George Lucas alimwita ampigie picha za rangi za matukio machache ya sinema aliyokuwa akiiandika, ambayo ilitoka mwaka 1977 kwa jina la Star Wars. Wakati huo Lucas alikuwa na maneno tu, na maneno yenyewe yalikuwa magumu kuyaelewa: majitu, roboti, mapanga ya mwanga. Picha za McQuarrie zilipowekwa mezani mbele ya wakubwa wa kampuni ya 20th Century Fox zilisaidia kuwashawishi watoe fedha. Jambo hilo lingetosha kuthibitisha nguvu ya picha, lakini kwetu sisi walimu liko jingine lenye thamani zaidi.

Katika hadithi hiyo yumo adui aitwaye Darth Vader. Lucas alimtaka awe mtu mrefu wa kutisha, mwenye joho jeusi na kofia iliyofanana na ya askari wa kale wa Kijapani. McQuarrie aliposoma kwamba mtu huyo atatoka katika chombo chake na kuvuka hadi chombo kingine, huku katikati pakiwa na ombwe, alijiuliza swali ambalo mswada haukuwa umejiuliza: atapumuaje? Akamchorea barakoa ya kupumulia. Barakoa hiyo ikabaki usoni mwake hata mahali penye hewa, na pumzi zake nzito zikawa sauti ambayo mamilioni ya watu huitambua hata wakiwa wamefumba macho. Tabia nzima ya mtu huyo, ugonjwa wake na siri yake, imejengwa juu ya barakoa iliyotokana na swali la mchoraji.

Tunawaomba wasomaji wasipite haraka hapa. Mwandishi aweza kumvusha mtu popote kwa sentensi moja bila kumpa hewa, maji wala ngazi ya kupandia. Penseli haina uhuru huo. Mkono ukifika puani lazima uamue kama pua iko wazi au imefunikwa. Ndivyo ilivyo darasani. Mtoto wa Darasa la Sita ataandika kwa mwandiko mzuri kwamba moyo husukuma damu mwilini, naye atapata alama zake zote. Mwambie aichore njia ya damu hiyo, toka moyoni hadi kidole cha mguu. Atafika kidoleni, penseli itasimama, naye atainua uso akutazame, kwa kuwa hajapata kufikiri kwamba damu hiyo hurudi. Hapo ndipo somo linapoanza. Mwalimu anayewaachia watoto kuchora mwishoni mwa kipindi tu, kama njia ya kuwatuliza wakati akisahihisha madaftari, anaitupa zana bora kuliko zote alizo nazo, tena zana isiyonunuliwa.

Sasa tuje kwenye kujirudia kwa maumbo. McQuarrie huyo huyo alitakiwa achore roboti ya rangi ya dhahabu iitwayo C-3PO. Hakuanza na karatasi tupu. Mchoro wake wa kwanza unamfuata kwa karibu mwanamke wa chuma aliyemo katika Metropolis, sinema ya Kijerumani ya Fritz Lang iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1927. Kati ya kazi hizo mbili ipo miaka hamsini. Aliyeichonga roboti ya Metropolis, Walter Schulze-Mittendorff, alikuwa mchongaji wa sanamu, na mtazamaji mwenye jicho zuri ataona kwamba kazi yake ni ya mtu aliyezoea sanamu kuliko mashine. Sinema hiyo hiyo ilikuwa na mji wa majumba marefu na barabara zilizoning'inia angani. Mwaka 1982 mji wa namna hiyo ulionekana tena, safari hii gizani na mvuani, katika Blade Runner ya Ridley Scott.

Kuhusu Blade Runner lipo jambo dogo linalotupendeza. Syd Mead, aliyewahi kuwa msanifu wa magari katika kampuni ya Ford, aliajiriwa abuni magari tu. Lakini alikuwa na mazoea ya kutochora gari likiwa peke yake katika weupe wa karatasi. Alilichora likiwa barabarani, na barabara ikiwa na maduka, mabomba, takataka na watu. Scott alipoiona michoro hiyo aliyapenda yaliyokuwa nyuma ya gari kama alivyolipenda gari, na kazi ya Mead ikapanuka kutoka magari hadi mitaa. Wanachuo wanaochora mbu katikati ya manila bila dimbwi, bila kopo lililotupwa, bila mtu aliyelala pasipo chandarua, na walitafakari hilo.

Maumbo mengine hujirudia kwa njia ya ajabu zaidi, yaani kwa kupitia kazi iliyokufa. Katikati ya miaka ya 1970 Alejandro Jodorowsky, mwongozaji mzaliwa wa Chile, alikusanya wachoraji mjini Paris ili atengeneze sinema ya Dune. Alikuwako Jean Giraud, Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Moebius, Chris Foss, Mwingereza, na H. R. Giger, Mswisi. Michoro ikafungwa katika kitabu kinene kikapelekwa kwa makampuni ya Marekani, na hapakuwa na kampuni iliyokubali kutoa fedha. Kazi ikafa. Dan O'Bannon, aliyekuwa ameajiriwa katika mpango huo, alirudi kwao mikono mitupu, akaandika mswada mwingine, na mswada huo ukawa Alien ya mwaka 1979. Foss, Moebius na Giger wakaitwa tena. Yule kiumbe wa kutisha alitokana na picha ambayo Giger alikuwa amekwisha kuichora mwaka 1976 kwa haja zake mwenyewe. Aliyelivaa vazi la kiumbe huyo alikuwa kijana Mnaijeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa jijini London, aliyekuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili. Watu wengi waliokimbiwa na usingizi kwa sababu yake hawajui kwamba walimwogopa mwanafunzi.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni wa chombo kiitwacho Enterprise. Matt Jefferies, aliyekibuni mwaka 1964 kwa ajili ya mfululizo wa televisheni wa Star Trek ulioanza kuonyeshwa mwaka 1966, alikuwa rubani. Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mfululizo huo, alimpa masharti ambayo yote yalikuwa makatazo: chombo kisiwe na mapezi, kisiwe na moto unaotoka nyuma, kisifanane na roketi. Jefferies alichora na kutupa, akachora na kutupa. Mwishowe alifikiri kama rubani anavyofikiri. Injini zenye nguvu ya kufikisha watu kwenye nyota bila shaka zina hatari, basi aliziweka mbali na watu, juu ya nguzo mbili ndefu. Watu aliwaweka mbele, ndani ya umbo la sahani. Nje ya chombo aliacha pawe laini, kwa kuwa fundi mwenye akili hatatoka nje katika ombwe kutengeneza mtambo ambao ungeweza kufikiwa kwa ndani. (Tuongeze kwamba ndani ya sahani hiyo alikaa ofisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, jina lililotokana na neno letu la uhuru.)

Miaka ya 1976 na 1977 palikuwa na mpango wa kutengeneza sinema kubwa ya Star Trek. Ken Adam, msanifu mzaliwa wa Berlin aliyekwisha kupata sifa kwa majumba ya ajabu ya sinema za James Bond, alishirikiana na McQuarrie kuchora Enterprise mpya. Sahani ilibaki, lakini nyuma yake wakaweka mwili bapa wa pembetatu. Mwaka 1977 mpango ukafutwa na michoro ikawekwa kando. McQuarrie alifariki mwaka 2012, na Adam mwaka 2016. Mwaka 2017 ulipoanza mfululizo mpya wa Star Trek: Discovery, chombo chake kikuu kilikuwa na sahani, na nyuma ya sahani mwili bapa wa pembetatu. Mchoro uliokataliwa ulikuwa umengoja miaka arobaini. Vivyo hivyo katika mfululizo wa katuni wa Star Wars Rebels, ulioanza mwaka 2014, mmoja wa mashujaa wake alitokana na sura ya kwanza ambayo McQuarrie alimchorea Chewbacca, sura iliyoachwa tangu miaka ya 1970. Hayo yasingewezekana kama karatasi zile zingechomwa.

Tunayaeleza haya kwa sababu ya shauri lililotokea wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya pwani. Mwanachuo mmoja, binti mwenye bidii na maandalio safi, aliwaambia watoto wa Darasa la Tano wachore chombo kitakachowapeleka watu kwenye nyota. Takriban watoto wote walichora kitu kile kile: umbo la risasi lililosimama wima, mapezi matatu chini, moto, na dirisha la mviringo. Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, alichora ngalawa. Ilikuwa na mwili mwembamba mrefu, na matengo yake mawili, moja kila upande, yamefungwa mbali na mwili kwa miti. Tanga hakuweka. Mwanachuo aliupiga mchoro huo mkasi mwekundu akaandika chini yake kwamba hicho si chombo cha angani. Siku iliyofuata mtoto alichora risasi yenye mapezi matatu, kwa uvivu dhahiri, akapata alama nane kwa kumi.

Tulipokutana jioni kujadili masomo ya siku hiyo, mwanachuo alijitetea vizuri. Alisema kwamba kitabu kina picha ya roketi, na kwamba kazi ya mwalimu wa msingi ni kumpa mtoto ukweli kabla ya kumwachia njozi. Mkufunzi mwenzetu mmoja, mtu wa sayansi tunayemheshimu, alimuunga mkono. Alihofu kwamba tukisifu kila kitu mtoto anachokiweka kwenye karatasi, tutakuwa tumeacha kufundisha. Hofu hiyo ni ya kweli, nasi hatuipuuzi.

Hata hivyo, na tuulize kama tulivyouliza juu ya ng'ombe: ile risasi yenye mapezi watoto waliipata wapi? Hakuna mtoto hata mmoja darasani mle aliyepata kuona roketi ikiruka. Umbo lile ni nakala ya nakala. Lilivuma duniani na V-2, roketi ya kivita ya Wajerumani, na kutoka hapo likaingia katika majalada ya magazeti, katika sinema za miaka ya 1950, katika vitabu vya picha vya watoto, hata likafika kwenye ukurasa wa kitabu chetu. Wala hata V-2 haikuanza na uhandisi mtupu. Fritz Lang, yule yule wa Metropolis, alikuwa ametengeneza sinema ya safari ya mwezini, Frau im Mond, mwaka 1929, akishauriwa na mtaalamu wa roketi Hermann Oberth. Na V-2 ya kwanza iliyoruka vema, tarehe 3 Oktoba 1942, ilikuwa imechorwa nembo ya sinema hiyo. Hivyo wahandisi nao walibeba picha ya sinema, na sinema zilizofuata zikabeba picha ya wahandisi.

Tena mapezi yana kazi pale tu palipo na hewa. Katika ombwe hayasaidii kitu, wala ncha iliyochongoka haisaidii. Chombo kilichowashusha Wamarekani mwezini mwaka 1969 kilifanana na buibui wa miguu minne, hakina uzuri wowote, kwa kuwa kiliundwa kiruke mahali pasipo na hewa kabisa. Basi kati ya michoro ya darasa lile, uliokuwa karibu zaidi na fikra za rubani Jefferies, kwa kutenga mwili na viungo vyake kwa nguzo, ulikuwa wa mtoto wa mvuvi. Hatusemi kwamba mtoto alijua hivyo. Matengo ya ngalawa yametengwa na mwili kwa sababu ya mawimbi, na injini za Enterprise kwa sababu ya hatari. Sababu ni mbili mbali. Tunasema tu kwamba mchoro wake ulistahili kuulizwa swali, nao ulipewa mkasi.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaodhani kwamba dawa ya kuiga ni kumwachia mtoto abuni peke yake. Mtoto asiye na picha kichwani habuni. Huchukua picha iliyo karibu zaidi, nayo siku hizi ni ile ya simu ya kaka yake. Hata wasanii wakubwa tuliowataja hawakubuni kutoka utupu. Tofauti yao na wavivu ni kwamba akiba yao ilikuwa pana, na kila walichokichukua walikihoji. Mwaka 2018 ilipotoka Black Panther, watazamaji wengi walishangaa kuuona mji wa nyakati zijazo uliokuwa wa Kiafrika. Lakini Ruth E. Carter, msanifu wa mavazi, na Hannah Beachler, msanifu wa mandhari, ambao wote wawili walipata tuzo ya Oscar mwaka 2019, walifanya kazi ile ile ya McQuarrie. Walifungua kabati jingine tu. Taji la malkia lilitokana na kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Mablanketi ya walinzi wa mpakani yalitokana na ya Wasotho. Na wekundu wa mavazi ya askari wanawake ulitokana, pamoja na mengine, na Wamasai. Kabati hilo liko wazi mbele ya kila mwalimu wa nchi hii. Ungo, mzinga wa nyuki, kibuyu, dema la kuvulia samaki na kichuguu vyote ni maumbo yaliyosanifiwa kwa sababu, na mtoto aweza kuieleza sababu hiyo kwa sababu ameiona ikifanya kazi.

Mwanachuo wetu alikuwa na wiki mbili zilizosalia. Hatukumwamuru abadili alama. Tulimwomba tu, kabla ya kuandika chochote kwa kalamu nyekundu, amuulize kila mtoto swali moja la McQuarrie: humu ndani watu watapumuaje? Alirudi na karatasi zilizochafuka kwa kufutwafutwa. Watoto wa mapezi walikwama kwanza, kisha baadhi wakaongeza mapipa ya hewa, na mmoja akapanda mgomba ndani ya chombo, akieleza kwamba walifundishwa kuwa mimea hutoa hewa. Mtoto wa ngalawa aliziba mwili wote kwa kifuniko, akaweka hewa ndani ya matengo.

Kwa ndugu zetu watakaokwenda mashuleni muhula ujao, yapo mambo ya kawaida ya kazi. Kipindi kimoja hakitoshi. Kichukue viwili, cha kwanza kwa michoro midogo mitatu au minne ya haraka, cha pili kwa mmoja uliochaguliwa. Usifute ubaoni mchoro wako mwenyewe uliokosea. Uzungushie mstari, uuache. Karatasi zilizoandikwa upande mmoja hupatikana katika ofisi karibu ya kila shule, nazo zatosha. Michoro iliyoachwa ifungwe katika bahasha ya kila mtoto na ikae kabatini hadi Darasa la Saba. Jina na tarehe viandikwe nyuma kwa penseli, si kwa wino, maana wino hupenya.